Yamkini, Ajali na Makaburi ya Igoma

Igoma ni kata ya jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Huko walizikwa wengi wa watu waliokufa maji katika meli ya MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Wamo waliozikwa bila kutambuliwa. Idadi ya wafu itajwayo mara nyingi ni 894. Wako wasemao ilifika 1,000, wala si rahisi kuwasuta. Mwanafunzi aanzaye elimu ya takwimu hufundishwa yamkini, au uwezekano kama wengine waitavyo, kwa sarafu, dadu na gololi za rangi katika mfuko. Vitu hivyo vyafaa sana kwa kuanzia, maana havimlizi mtu. Walakini Igoma somo hilo hilo lina swali ambalo sarafu haiwezi kuliuliza: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya?

Yamkini, katika maana yake ya kwanza, ni sehemu. Juu huwekwa idadi ya matokeo yanayotafutwa. Chini huwekwa idadi ya matokeo yote yawezayo kutokea, kila moja likiwa na nafasi sawa na jingine. Jambo lisilowezekana ni 0, lisiloepukika ni 1, na shughuli nyingi za wanadamu zimo katikati. Walimu wa hesabu huiita nambari ya juu kiasi, na ya chini asili. Huenda waliochagua jina hilo la pili hawakujua jinsi walivyolenga shabaha. Kusema kwamba walikufa 894 ni kutaja kiasi. Je, katika wangapi? Hapo ndipo hesabu inapokwama. Meli iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha. Basi, kabla hata maskini hawajaguswa, ruhusa ilikwisha kupitwa kwa watu 13. Na maskini wenyewe hawakuandikwa popote. Asili ya sehemu ile haikupotea majini. Ilikosekana tangu gatini.

Chombo kinapopakiwa kupita kiasi husikika neno la kuliwaza: kwamba kimekwisha kuvuka mara nyingi kikiwa kimejaa vivyo hivyo, nacho kikafika. Hoja hii ina sura ya takwimu, na kwa hiyo yastahili kupimwa kwa takwimu. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba hatari ya kila safari ni 1 katika 1,000. Yamkini ya kufika salama katika safari moja ni 0.999, na nani asiyeridhika nayo? Lakini yamkini ya kufika salama mara 1,000 mfululizo hupatikana kwa kuzidisha 0.999 yenyewe kwa yenyewe mara hizo zote, na jibu ni yapata 0.37. Maana yake, yamkini ya kutokea ajali walau moja ni yapata 0.63. Jambo ambalo leo lina nafasi ndogo mno limekuwa, kwa kurudiwa tu, jambo la kutazamiwa. Jacob Bernoulli, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1713, miaka 8 baada ya kufa kwake, alithibitisha kwamba wastani wa majaribio mengi huikaribia yamkini ya kweli. Hakusema kwamba majaribio machache yanatosha, wala kwamba ziwa huwadai au huwasamehe watu kwa kukumbuka safari zilizopita.

Tena kuzidisha huko kuna sharti lake: matukio yasitegemeane. Sarafu haijui sarafu nyingine imeangukaje. Abiria hawako hivyo. Mtu mmoja akihama kutoka ubavu mmoja wa meli kwenda wa pili, meli haina habari naye. Lakini meli ikilala kidogo, mamia hukimbilia upande mmoja kwa hofu moja, na uzito wao huwa jiwe moja. Hatari ya abiria wa 431, kwa sababu hiyo, si mali yake mwenyewe ya kuitumia apendavyo. Huwaongezea hatari 430 waliotangulia kuketi, nao hawakuulizwa. Hapa pana yamkini yenye sharti, ambayo wanafunzi huiogopa bure: yamkini ya meli kuzama ni nambari moja, na yamkini ya meli kuzama ikiwa imejazwa kupita kiasi ni nambari nyingine kabisa. Ajitetaye kwa kutaja ya kwanza, naye ajua kwamba sharti la pili lilikwisha timia, amesema uongo kwa tarakimu za kweli.

Itasemwa: ajali haina kinga. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliokadiriwa, yaani saa ya mtu ya kufa. Muumini anayesema kwamba saa hiyo haina kinga hajakosea, na mfiwa aliyesimama juu ya kaburi la Igoma ana haki ya faraja hiyo. Lakini katika Kiswahili neno limehama, likaja kuwa jina la kugongana kwa magari na kupinduka kwa meli, na methali ikahama pamoja nalo. Iliyokuwa faraja ya mfiwa sasa ni wakili wa mzembe. Abiria akisema, "Mungu akipenda tutafika," amekiri udogo wake. Maneno hayo hayo katika kinywa cha yule aliyefungua lango abiria wa 431 apite yana maana nyingine, maana yeye alikuwa na kalamu na daftari.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa lile lile. Walikufa zaidi ya 220. Siku ile hapakuwa na jibu la yakini kwa swali la wangapi walipanda. Jibu lilitafutwa siku zilizofuata, kwa kujumlisha maiti na waliookoka.