Jasho la Mwanagenzi wa Filamu

Mwaka 2011 Eric Glatt na Alexander Footman waliishtaki kampuni ya Fox Searchlight mjini New York. Walikuwa wamefanya kazi bila malipo, kwa jina la wanagenzi, katika filamu ya *Black Swan*, ambayo iliingiza zaidi ya dola milioni 300. Footman alichemsha kahawa, akachukua oda za chakula cha mchana, akatoa takataka. Siku moja alitumwa kumnunulia mwongozaji mto usiomletea mzio.

Je, hayo ni mafunzo?

Jaji alisema mwaka 2013 kwamba ni kazi na inastahili mshahara. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo, ikataka kwanza ijulikane nani alinufaika zaidi, kampuni au mwanagenzi. Hapo ndipo penye utata. Kijana anayeketi kando ya mhariri akiona tukio linavyokatwa hupata elimu ya kweli. Anayenunua mito humpunguzia mwingine gharama tu. Mwanafalsafa Kant alikataza kumfanya binadamu chombo tupu cha malengo ya wengine. Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na Uislamu nao unahimiza alipwe bila kucheleweshwa.

Tena, nani anaweza kuishi New York miezi kadhaa bila kipato? Ni mwenye wazazi wa kumlipia pango. Mtoto wa maskini hukosa mlango huo, na hadithi zake hukosa msimulizi.

Kesi iliisha kwa maafikiano mwaka 2016.