POINTI NI USHUHUDA



Kila mara mitihani inapokaribia, swali moja linarudi: «Kama wenzangu wananunua pointi, mimi peke yangu nifanye nini?» Wazazi nao wanaliuliza, maana ni wao wanaoombwa fedha. Tujibu kwa maneno matatu ya Kanisa letu: Upendo, Amri, Kazi.

UPENDO. Pointi ni ushuhuda wa mwalimu mbele ya watu: huyu anajua. Muuguzi aliyenunua 14 juu ya 20 katika somo la dawa, siku moja atampimia dawa mtoto wa jirani. Mtoto yule hatauliza diploma; mwili wake utauliza kipimo. Anayenunua pointi anamdanganya mgonjwa ambaye bado hajamwona.

AMRI. Usishuhudie uongo. Mtasema: mwalimu halipwi vizuri, naye ana watoto. Ni kweli, na taabu yake tuitetee. Lakini njaa ya mwalimu haigeuzi 8 kuwa 14. Na wewe binti unayedaiwa mwili wako kwa ajili ya pointi: deni hilo si lako, wala aibu si yako. Waambie wazazi na mchungaji; Kanisa lisimame nawe.

KAZI. Wengine wanafunga siku tatu, na silabusi haijafunguliwa. Danieli na wenzake walishika imani yao, tena walifundishwa vitabu vya Babeli miaka mitatu. Ndipo mfalme alipowaona bora mara kumi. Basi kila jioni rudia somo la siku hiyo. Funga daftari, sema kwa sauti ulichoshika; unapokwama, hapo ndipo pa kurudia. Hivyo utashika kuliko kusoma ukurasa uleule mara tano. Mweleze mwenzako, ukishindwa kueleza, bado hujaelewa. Na usiku wa kuamkia mtihani, omba, kisha lala.

Papa Simon Kimbangu alifungwa tangu 1921 hadi kufa kwake 1951, miaka 30, katika gereza la Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Hakuuza ushuhuda wake ili atoke. Sisi watoto wake tutauza wetu kwa pointi sita?

Heri 11 ya jasho kuliko 16 ya kununua. Na anayerudi sesheni ya pili hajafa. Arudi na daftari lake.

Bwana awape akili na nguvu. Amina.