Mchango na Sauti Barazani

Neno "baraza" lina maana nyingi katika mwambao wetu. Ni kiti cha mawe na chokaa kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo mwenye nyumba hukaa jioni akapokea wageni wake. Ni mazungumzo ya watu waliokaa juu ya kiti hicho. Ni mkutano ulioitwa na mtawala, na kadhalika ni halmashauri yenye mwenyekiti na daftari. Yadhihirika kwamba waliotutangulia walikwisha kuona jambo ambalo sisi twalisahau upesi, kuwa hapana mashauri pasipo mahali pa kukaa, wala hapana mahali pa kukaa pasipo mtu aliyegharimia mawe na chokaa. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo nataka tulifikiri pamoja, msomaji: je, aliyetoa mali ili baraza lisimame ana haki ya kunena zaidi kuliko yule aliyekuja mikono mitupu?

Usilidhani swali hili kuwa la wazee peke yao. Utakapomaliza masomo utarudi mtaani kwako, iwe ni Malindi, Kilifi, Ganze au Kaloleni, na siku moja utaambiwa kuwa watu wataka pahali pa kukutania. Patatakiwa paa la makuti au la mabati, viti au mikeka, taa, daftari la katibu, na nauli ya mjumbe atakayepeleka maneno ya mtaa kwa wakubwa. Serikali haitayatoa yote. Basi watu watachanga, na katika kuchanga nchi hii ina sifa kubwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa Harambee kuwa mwito wa taifa zima, na kwa mwito huo shule na zahanati nyingi zilijengwa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kijana wa Kaloleni afanyaye kazi mbali na kwao aweza kutuma sehemu yake kabla kahawa haijapoa kikombeni.

Walakini tazama namna mchango unavyopokelewa. Mtu asimama na kipaza sauti, ataja majina na kiasi. Mwenye elfu hamsini apigiwa makofi na kuombwa aseme mawili matatu. Mama auzaye mahamri, ambaye ameifungua pindo ya leso yake akatoa shilingi hamsini, jina lake lasomwa haraka, au lafichwa katika maneno "na wengineo". Siku hiyo hapana anayeona ubaya. Lakini mwezi ujao mtaa unapokaa kuamua mahali pa kuchimba kisima, utamwona mwenye elfu hamsini amewekewa kiti cha mbele, na kila aliye na neno humtazama yeye kwanza kabla ya kulitamka. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwa methali: mkono mtupu haulambwi.

Sheria imeiona sehemu ya hatari hii. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kukitumia cheo chake kukusanya michango ya Harambee, kwa sababu mchango unaoombwa na mwenye mamlaka huwa karibu na kodi. Hivyo mtoaji alikingwa na nguvu ya mwombaji. Nani atamkinga mwombaji na nguvu ya mtoaji? Hilo halikuwamo katika sheria ile, na sidhani kuwa sheria yoyote yaweza kulimaliza, maana makofi hayaandikiwi sheria.

Tumpe mchangaji haki yake kwanza, tusije tukamdhulumu kwa kuwa ana mali. Yeye husema hivi: "Fedha hii niliipata kwa jasho. Nikiitoa kisha nikakatazwa kunena, ikaliwa na wajanja, nitakuwa mjinga, na mara ya pili sitatoa." Maneno hayo ni ya haki. Michango mingi katika nchi yetu imekufa kwa sababu watoaji hawakuonyeshwa hesabu. Lakini yasikilize tena maneno yale, nawe utaona kuwa ndani yake mna madai mawili yaliyofungwa pamoja kama kuni. Moja ni dai la kujua fedha imekwenda wapi. La pili ni dai la kuamua mambo ya mtaa. La kwanza ni deni ambalo baraza linamwia kila mtoaji, wa elfu na wa hamsini, na lilipwe hadharani bila ya kuombwa. La pili ni jambo jingine kabisa. Aliyenunua kamba ya kisima aweza kuuliza kama kamba imenunuliwa kweli, na kwa bei gani. Hawezi kusema ni nani atakayeteka maji kwanza.

Kwa nini hawezi? Kwa sababu sauti katika mambo ya mtaa haitoki mfukoni. Hutoka katika kuguswa na lile linaloamuliwa. Kisima kikichimbwa mbali, mwenye tangi nyumbani hapungukiwi na kitu. Mama wa mahamri atatembea nusu saa zaidi kila alfajiri, na ndoo kichwani. Ni yeye anayeujua uzito wa shauri lile. Baraza lisilomsikia limemkosea yeye, na tena limejinyima ujuzi ambao mwenye elfu hamsini hawezi kulipatia hata akitaka.

Yumkini utasema kuwa mabaraza ya zamani hayakuwa na kasoro hii. Natamani iwe hivyo, lakini historia haikubali. Vile viti vya mawe vya Malindi aghalabu vilikuwa vya wanaume, tena wanaume waungwana. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya nafaka yaliyouzunguka mji huo yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Baadhi ya waliokimbia, ambao waliitwa watoro, walifanya makao yao bara, kama kule Fuladoyo, wakatengeneza ujirani wao wenyewe. Fikiri juu ya hilo, msomaji. Mji uliolishwa kwa jasho la watumwa haukuwapa nafasi barazani. Hawakukosa mchango, ila mchango wao haukuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Mimi naona kuwa hili ndilo kosa kubwa katika hesabu zetu hata leo: twadhani kuwa asiye na jina katika orodha ya watoaji hakutoa kitu.

Bara kidogo, katika nchi ya Wamijikenda, yalikuwako makaya, vijiji vilivyozungukwa na msitu mnene, na kati yake uwanja uitwao moro, ambapo wazee wa kambi walikaa kufanya mashauri. Misitu hiyo ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na yastahili. Hata hivyo huko nako kupanda cheo cha uzee kulitaka ada na karamu, na maskini alipanda polepole. Basi likaja jambo la mwaka 1913. Serikali ya Kiingereza iliwataka Wagiriama watoe kodi, na vijana wao waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Aliyesimama kulipinga hakuwa mzee wa kambi. Alikuwa mwanamke mjane, Mekatilili wa Menza. Husimuliwa kuwa nduguye alichukuliwa na wafanya biashara ya watumwa, na kwa hiyo alijua maana ya kijana kuondolewa kwao. Aliwavuta watu kwa ngoma ya kifudu, ambayo ni ngoma ya matanga, akanena nao kijiji kwa kijiji. Kisha katika Kaya Fungo viapo vikaliwa, cha wanawake na cha wanaume, kwamba hapana atakayetii amri ile. Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa mbali upande wa magharibi. Mwaka 1914 Waingereza waliibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Lau Wagiriama wangalimwuliza Mekatilili kwanza, "Wewe umetoa ada gani hata unene?", wangaliikosa sauti iliyowafaa kuliko zote.

Karibu na pwani liko jambo la siku zetu ambalo lapendeza zaidi kulitazama. Huko Kuruwitu, katika wilaya ya Kilifi ya zamani, wavuvi waliona samaki wanapungua na matumbawe yanakufa. Mwaka 2003 waliunda chama chao, na mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari ya kadiri ya hekta 30, wakaahidiana kwamba hapana atakayevua humo. Mwaka 2017 kazi yao ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Fedha za wafadhili zilisaidia, na hapana sababu ya kulificha hilo. Lakini ni nani aliyetoa mchango ulio mkubwa kuliko wote? Ni mvuvi aliyezoea kuingia majini pale pale, asiye na chombo cha kumpeleka mbali, ambaye alikubali kupita kando ya bahari yake na kapu tupu. Hakutoa shilingi. Alitoa kitoweo cha watoto wake, kwa kutumaini kuwa samaki watazaliana. Hapana mweka hazina ajuaye kuandika kiasi cha namna hiyo. Wahenga walikaribia kukiandika waliposema kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Yako mambo madogo ambayo baraza laweza kufanya, na yote hayana gharama. Jumla ya michango isomwe, majina yasisomwe. Atakaye kulihakiki lake alione daftarini. Hesabu ya matumizi ibandikwe ukutani kila mwezi. Mashauri yafanywe kwa lugha ambayo bibi asiyejua ila Kigiriama ataielewa, au awekewe mtu wa kumfasiria. Mgeni kutoka Italia mwenye nyumba ufukoni, maana Malindi inao wengi, akaribishwe kama jirani na apewe sauti moja, wala si sauti kumi kwa sababu ya paa alilolinunua. Nami ningependa kuona baraza moja linajaribu kuanza kwa kumsikiliza yule aliyechanga kidogo kuliko wote.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Twasema kuwa penye wazee haliharibiki neno. Lakini katika wilaya hizi hizi wazee wengi, waume kwa wake, wameuawa au kufukuzwa makwao kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya masingizio hayo huwa liko shamba ambalo mtu mwingine alitamani. Baadhi ya walionusurika wamepata hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze, chini ya ulezi wa Chama cha Utamaduni cha Malindi, nao huishi kwa msaada wa wahisani. Mfikirie mmoja wao. Hana cha kuchanga. Chakula chake ni sadaka ya watu wasiomjua. Kwa kanuni ya mkono mtupu, hana sauti mahali popote. Kwa kanuni ya kuguswa, hapana mtu kijijini kwake mwenye haki ya kunena kumshinda yeye, kwa kuwa baraza la nyumbani likikaa kuzungumza juu ya shamba lile, au juu ya amani ya kijiji, linazungumza juu ya uhai wake. Baraza la namna hiyo halina budi kumtumia mtu wa kumleta na kumlinda, asikilizwe mbele ya waliomfukuza, na nauli yake ya kuja na kurudi itoke katika mfuko wa michango.