Nani Aseme Sisi ni Nani?

Watu wa mataifa mengi wakifanya kazi moja bila mshahara, nani aseme wao ni nani? Wanaojitolea kuandika Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanza mwaka 2001, walitaka kujibu pamoja. Tangu 2021 kamati ilisikiliza mawazo yao katika lugha nyingi, ikatunga mkataba. Mwaka 2024 wengi wa waliopiga kura waliukubali. Lakini wakubwa wa Wikimedia Foundation, shirika linalotunza kazi hiyo, walikataa kuuthibitisha, wakaeleza sababu zao.

Je, shauri lile lilikuwa bure? Hapana: waliosikilizana wamekwisha kujuana. Walakini kumwita mtu shaurini ni kumwahidi kitu. Anayeita watu, kwanza awaambie neno lao litafika wapi.