Pumzi ni ya Nani?

Pumzi hutii mabwana wawili. Mtu anaweza kuizuia akipiga mbizi, lakini akiizuia mno hunyang'anywa: kifua hufunguka chenyewe. Amri hutoka kwenye shina la ubongo, na kinachoizusha kwa kawaida si upungufu wa oksijeni bali wingi wa hewa ya ukaa. Mwili hulalamikia taka kabla ya njaa.

Baadhi ya seli zinazohisi hewa hiyo hutumia serotonini, kemikali ya kupashana habari katika ubongo. Seli hizo huchochea upumuaji na kumwamsha aliyelala. Mwaka 2010, Buchanan na Richerson walionyesha kwamba panya wasio na seli hizo hawakuamka hewa ya ukaa ilipoongezwa, ingawa sauti iliwaamsha.

Dawa za kuzuia serotonini si ngeni Eastlands, Nairobi. Ondansetroni hutuliza kutapika. Siproheptadini, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizio, hutafutwa pia na wanaotaka hamu ya kula na kunenepa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha kawaida hakibadilishi sana pumzi wala oksijeni, kwa kuwa upumuaji una vichocheo vingi. Hata mwinuko wa Nairobi, takriban mita 1,700, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko Mombasa, mwili huuzoea. Hatari huja siproheptadini inapozidishwa, hasa kwa watoto, au inapochanganywa na pombe na dawa za usingizi. Mtoto mchanga hapewi kabisa.

Ikiwa kidonge kinaweza kuigusa pumzi, basi pumzi ni ya nani? Kitabu cha Mwanzo na sura ya Al-Hijr katika Kurani vyote vinasimulia mtu wa udongo aliyepuliziwa uhai. Kiswahili nacho husema anayekufa amekata roho, na neno nafsi ni ndugu wa nafas, pumzi kwa Kiarabu. Wapo wanaosema kemia imeifuta habari hiyo. Haijaifuta. Anayejua bomba limepita wapi Kayole hajajua bado maji ni ya nani. Wakazi wanaonunua maji kwa mtungi wanaijua vyema tofauti hiyo.

Usingizini ndiko swali linakokaza. Sura ya Az-Zumar, aya ya 42, inasema Mungu huzichukua nafsi usingizini na kuzirudisha zile ambazo muda wake haujafika. Mtaalamu wa neva anaueleza usingizi huohuo kwa seli zinazolinda zamu. Maelezo hayo mawili hayagombanii kiti kimoja, ila yote yanakana jambo lilelile: kwamba aliyelala anajipumulia kwa hiari yake.

Anayekosea zaidi, pengine, ni muumini anayesema pumzi ni ya Mungu kwa hiyo dawa haina neno. Kilicho cha mwingine ni amana, na amana hutunzwa kuliko mali ya mtu mwenyewe. Katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926 katika mtaa ambao jina lake husikika karibu na kupumua, hilo halihitaji mjadala. Mtoto asiyelia hufutwa, husuguliwa mgongo, kisha husukumiwa hewa kwa mfuko na barakoa mpaka shina la ubongo lipokee zamu.