Je, Aliyeachishwa Kazi Akidai Malipo Yake Afanya Vibaya?

Katika vijiji vya Fizi na vya Uvira, kandokando ya ziwa Tanganika, kuna jamaa nyingi ambazo mtoto wao mmoja akaa katika Marekani. Aliondoka kwa sababu ya vita, akaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi, pengine Nyarugusu katika Tanzania, kisha akapelekwa ng'ambo ya bahari pamoja na mke na watoto. Huko akapata kazi katika kiwanda cha nyama, ama katika ghala, ama katika nyumba ya kutunzia wazee. Fedha anayopata hulipa nyumba yake, na sehemu yake hurudi kijijini: karo ya wadogo, dawa ya mama, mabati ya nyumba.

Na uwekwe mfano wa mtu mmoja wa namna hiyo, akaaye katika jimbo la Iowa. Alifanya kazi miaka 4 katika kiwanda cha nyama. Mwezi wa Mei akaitwa ofisini, akaambiwa kwamba kazi imepungua, aende nyumbani. Akaandika kwa Serikali ya jimbo kudai malipo ambayo sheria ya huko humpa mtu aliyepoteza kazi bila kosa lake. Baada ya majuma machache akapata barua: malipo yamekataliwa, maana kiwanda kimesema kwamba hakupunguzwa, bali alifukuzwa kwa kuchelewa kazini. Mwishoni mwa barua iliandikwa kwamba akitaka aweza kukata rufani, ndiyo kusema, kumwomba mwamuzi alitazame shauri lake upya.

Jioni ile akapiga simu kijijini. Baba yake mkubwa akamwambia: «Mwanangu, fedha usiyoitolea jasho usiile. Sisi si watu wa kuombaomba.» Na mjomba wake akaongeza: «Bwana aliyekulisha miaka 4, utasimama naye shaurini? Watu watasema huna shukrani.»

Maneno hayo yatoka katika mioyo myema. Wazee hao waogopa aibu mbili, aibu ya ombaomba na aibu ya mgomvi, nao wafanya vema kuziogopa. Lakini je, aibu hizo zimo kweli katika jambo hili?

Kwanza yafaa kujua fedha hiyo yatoka katika mfuko gani. Zamani katika Marekani mtu aliyepoteza kazi hakuwa na kitu ila akiba yake na huruma ya watu. Baada ya mwaka 1929 biashara ya nchi ile ilianguka, viwanda vikafungwa, na wanaume wenye nguvu wakasimama katika mistari mirefu kungojea mkate na supu. Ndipo jimbo la Wisconsin likatunga sheria mwaka 1932, na tarehe 14 Agosti 1935 Rais Roosevelt akatia sahihi sheria ya nchi nzima. Tangu hapo bwana wa kazi hutoa kodi kwa ajili ya watenda kazi wake, nayo huwekwa katika sanduku la jimbo. Mtenda kazi akiachishwa bila kosa, sanduku humlipa kila juma sehemu ya mshahara wake wa zamani, mpaka muda uliowekwa uishe. Katika majimbo mengi muda huo ni majuma 26. Katika Iowa, tangu mwaka 2022, ni majuma 16.

Wanawake wanaofanya likelemba wataelewa upesi. Mama apokeaye zamu yake haombi sadaka, wala hamshukuru mtu kwa magoti. Apokea kilichowekwa kwa ajili yake. Kweli, kuna tofauti: katika likelemba mama mwenyewe hutoa, lakini katika Marekani, isipokuwa majimbo matatu tu, bwana wa kazi peke yake ndiye atoaye. Lakini atoa kwa sababu gani? Kwa sababu kuna mtu amfanyiaye kazi. Pasipo kazi ya mtu huyo, kodi hiyo haingekuwapo. Jasho ambalo baba mkubwa analitafuta limo tayari ndani ya sanduku. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu ya mwaka 1981, aliyaweka malipo ya wasio na kazi katika wajibu wa haki, si katika huruma tu. Maana mali ya dunia iliumbwa kwa ajili ya matumizi ya watu wote.

Hata hivyo baba mkubwa hakukosea kabisa. Iko fedha ambayo mtu huyu asiile: ni ile ipatikanayo kwa uongo. Sheria yataka kwamba kila juma mdai ajibu maswali. Je, ulifanya kazi yo yote juma hili? Ulipata fedha ngapi? Una nguvu za kufanya kazi? Umetafuta kazi wapi? Hakuna mtu asimamaye mbele yake anapojibu. Labda siku ya Jumamosi alimsaidia jirani kuhamisha vyombo, akapewa dola 60 mkononi. Nani atajua? Akiandika kwamba hakupata kitu, hapo ndipo amekuwa mwizi wa sanduku, na mwizi wa wenzake walio nyuma yake katika mstari. Akisema kweli, mara nyingi malipo ya juma lile yatapunguzwa tu, hayatafutwa yote. Akigunduliwa kwamba alisema uongo kwa kusudi, atarudisha yote, na juu yake adhabu isiyopungua 15 kwa 100. Lakini hata asipogunduliwa, dola 60 zile haziwi mali yake.

Sasa neno la mjomba, lililo gumu zaidi. Je, kukata rufani ni kumshitaki bwana?

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Katika shauri hili bwana wa kazi hafungwi, wala hatozwi faini. Mwenye kukata rufani aomba tu kwamba neno la ofisi ya Serikali lichunguzwe, maana ofisi ilisikia habari kwa haraka na katika karatasi. Bwana huitwa aseme upande wake, naye mtenda kazi husema upande wake, wote wawili chini ya kiapo. Tena bwana mwenyewe ana ruhusa ile ile: mtenda kazi akikubaliwa malipo, bwana aweza kukata rufani. Hufanya hivyo mara nyingi, kwa sababu kodi yake yaweza kuongezeka kadiri watu waliotoka kwake wanavyolipwa na sanduku. Hakuna amwambiaye bwana kwamba hana shukrani.

Lakini mtu wa mfano huu ana mzigo mwingine rohoni. Ni kweli kwamba alichelewa. Alichelewa mara mbili wakati wa baridi, kwa sababu gari ambalo yeye na wenzake watatu hulitumia pamoja lilikataa kuwaka katika theluji. Je, afiche? Rafiki mmoja amemshauri akane kabisa: «Hawana ushahidi.»

Mwaka 1941 baraza kuu la Wisconsin lilihukumu shauri la dereva wa taksi wa mji wa Milwaukee. Alikuwa amegongesha gari zaidi ya mara moja, akafukuzwa, akanyimwa malipo kwa kuwa, walisema, alifanya vibaya kazini. Waamuzi wakatofautisha mambo mawili. Kuna mtu ambaye kwa kusudi adharau faida ya bwana wake, avunja amri akijua, ama hajali kabisa. Huyo amefanya vibaya, wala hastahili malipo. Na kuna mtu asiye hodari, ama akosaye kwa kutoangalia mara moja mbili. Bwana aweza kumwachisha, lakini mtu huyo hapotezi haki yake katika sanduku. Dereva akashinda. Majimbo mengi yalifuata maneno ya hukumu hiyo.

Wakatekumeni hawatashangaa. Nao hufundishwa kwamba pasipo kujua na pasipo kukubali kwa moyo, hakuna dhambi ya mauti. Waamuzi wale hawakuwa wakifundisha dini, lakini walitazama mahali pale pale, yaani nia ya mtu. Kwa hiyo mtu wa Fizi hana haja ya uongo wa rafiki yake. Na aseme wazi: nilichelewa mara mbili, sababu ni hii, nilimpigia simu msimamizi asubuhi ile ile. Lakini mwamuzi akimshika katika uongo mmoja, hatayasadiki hata yale ya kweli.

Wako waliokata rufani si kwa ajili ya fedha tu. Mwanamke mmoja, Adell Sherbert, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo katika jimbo la South Carolina. Mwaka 1957 aliingia dini ya Waadventista, wanaoiheshimu Jumamosi kama siku ya Bwana. Wakati ule kazi ilikuwa siku 5, basi hapakuwa na shida. Mwaka 1959 kiwanda kikaongeza siku ya sita, Jumamosi. Akakataa, akafukuzwa. Akatafuta kazi katika viwanda vingine vya karibu, akakuta vyote vyataka Jumamosi. Ofisi ya jimbo ikamnyima malipo: ulipata kazi ukaikataa. Akakata rufani, akashindwa, akakata tena, akashindwa tena, mpaka shauri likafika baraza kubwa kuliko yote katika nchi. Mwaka 1963 waamuzi 7 kati ya 9 wakasema kwamba haifai kumlazimisha mtu achague kati ya dini yake na chakula chake. Wakaona tena kwamba sheria ya South Carolina yenyewe iliwalinda watu waliokataa kufanya kazi siku ya Dominika. Kwa nini basi isimlinde huyu?

Mwanamke yule hakuwa Mkatoliki, wala hakutaka kumpiga vita bwana ye yote. Lakini kama angalikubali kwamba kukata rufani ni kukosa adabu, watu wa dini nyingi waliokuja nyuma yake wangalikosa ngao hiyo. Mwaka 1981 mtenda kazi wa Indiana, Shahidi wa Yehova, aliacha kazi kwa sababu alihamishwa kutengeneza sehemu za vifaru vya vita. Naye alishinda.

Kuna sababu nyingine ya kutonyamaza, nayo ni ya siku hizi. Katika jimbo la Michigan, tangu mwaka 2013 mpaka 2015, Serikali iliiachia mashine ya kompyuta kazi ya kutambua wadanganyifu. Mashine ikawashitaki makumi ya maelfu ya watu. Walidaiwa warudishe fedha na kulipa mara nne juu yake. Wengi hawakuziona hata barua. Baadaye mashauri zaidi ya 22,000 yaliyoamuliwa na mashine peke yake yalichunguzwa, na katika kila 100, kama 93 yalikuwa ya uongo. Mashine haina chuki wala haya. Haiwezi kujirudi, yangoja mtu aseme hapana.

Mambo yaliyobaki ni ya kufanya tu. Barua ya kukataliwa isikae mezani. Katika Iowa siku za kukata rufani ni 10, katika Texas 14, katika California 30, nazo huhesabiwa tangu barua ilipotumwa, si tangu ilipofunguliwa. Wengi wenye haki wameshindwa kwa sababu hiyo moja tu. Anayengojea hukumu aendelee kujibu maswali ya kila juma, maana akiacha, hata akishinda, majuma yale aweza kuyakosa. Mara nyingi shauri husikilizwa kwa simu. Asiyepokea simu hupoteza shauri. Asiyejua Kiingereza vizuri aombe mapema mkalimani wa Kiswahili, naye halipi kitu. Na kama kabla ya kuondoka kiwandani atapewa karatasi isemayo kwamba aacha kazi kwa hiari yake, na hali si kweli, asiitie sahihi.

Katika Kongo hakuna sanduku la namna hii. Caisse Nationale de Sécurité Sociale hulipa pensheni, na posho za jamaa, na walioumia kazini, lakini si waliopoteza kazi. Hata hivyo sheria ya kazi ya mwaka 2002 yamtaka bwana atoe sababu ya kweli na taarifa kabla ya kumwachisha mtu, angalau siku 14 za kazi, na siku 7 juu yake kwa kila mwaka alioutumikia. Asiyepewa hiyo huenda kwanza kwa mkaguzi wa kazi, ajaribuye kuwapatanisha, na wasipopatana ndipo baraza la kazi. Mjomba mwenyewe alifanya kazi Lubumbashi zamani, akaachishwa siku moja, akarudi Fizi bila kumwuliza mtu neno.

Alinyamaza kitambo katika simu baada ya kuelezwa hayo yote. Kisha akauliza: «Mwamuzi atakusemesha siku gani?» Mpwa wake akataja siku, saa tatu ya asubuhi. Mjomba akahesabu kwa vidole: kijijini itakuwa saa kumi ya jioni. Akasema: «Basi siku hiyo nitarudi shambani mapema.»