Je, Sisimizi Ana Huruma?

Vitabu vitakatifu vimempa sisimizi heshima. Mithali humtuma mvivu kwake akajifunze bidii, na Kurani ina sura yenye jina lake, ambamo mmoja wao anawaonya wenzake wasije wakakanyagwa na majeshi ya Suleimani. Uuguzi wake haukutajwa, nao ndio unaotatiza zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walieleza habari za sisimizi seremala wa Florida, Marekani. Huyu huishi ndani ya mbao zilizooza. Mwenzake akijeruhiwa paja, humlamba jeraha, kisha huuguguna mguu kwenye shina lake mpaka ukatike, kazi ya dakika 40 au zaidi. Majeruhi hatoroki; hutulia akatwe. Jeraha la muundi hulambwa tu, kwa kuwa huko vijidudu huenea upesi kuliko kasi ya mkataji. Kati ya waliokatwa kwa jeraha la paja, asilimia 90 na zaidi hupona. Kati ya walioachwa bila tiba, chini ya 40.

Wapo watakaosema hiyo si huruma hata kidogo: wafanyakazi hao ni ndugu wa kike wa nyumba moja, na kumponya mmoja ni kuokoa nguvukazi ya kaya. Ni kweli, ila hoja hiyo inatugusa hata sisi. Mama anayemrukia mwanawe aliyeangukia moto hakai akapima nia yake kwanza. Damu ndiyo inayomsukuma, na bado hakuna anayethubutu kumnyima sifa. Basi chanzo cha tendo katika maumbile hakitoshi kulivua wema. Tofauti naiona kwa mgeni. Sisimizi hutambua wenzake kwa harufu ya mwili, na mwenye harufu ya kundi jingine hushambuliwa kwa meno yaleyale yaliyotibu, wala hakuna siku mshambuliaji atakaposita akajiuliza. Binadamu husita. Anaweza kumuuguza adui, na anaweza pia kumwacha ndugu yake wa tumbo moja afe. Kwa sababu angeweza kukataa, kukubali kwake kunahesabiwa. Mhubiri anayetaka kutufundisha upendo wa ndugu kwa mfano wa sisimizi na amtumie bila wasiwasi. Akifika kwenye upendo wa jirani asiyefanana nasi, atafute mwalimu mwingine.